Vidole vya Yule Mwizi

Brightness, kitu cha kwanza nilichoona ni glavu. Jamaa wa kwenye sinema alivua moja tu, kabla ya kucheza na mwanamke mmoja tajiri.

Ndiyo ile sinema bubu ya ukumbi wa kanisa, hapa mtaani kwetu Crescent Town. Na nilikaa na Zephania, yule kijana ninayemzimia. Mimi!

Basi wanacheza dansi, maneno ya Kiingereza yanatokea kwenye skrini, ukumbi mzima unasoma. Mimi naangalia vidole. Vinapanda shingoni taratibu, vinafungua mkufu wa almasi.

Nikapiga kelele, "Dada, unaibiwa!"

Shosti, nilipiga KELELE. Kwenye sinema isiyo na sauti!

Watu wakavunjika mbavu. Mama Derek, jirani yetu, akasema, "Piga simu polisi basi, mwanangu!"

Zephania akaninong'oneza, "Asumpta, umejuaje? Maandishi yamesema anampenda."

Nikamjibu, "Maandishi yanadanganya."

Alicheka mpaka machozi. Eti nina akili kuliko wote mle ndani, na Jumamosi twende tena, wawili tu.

Akili! Brightness, sikusoma hata neno moja. Shule niliishia darasa la nne. Zephania hajui, na hata wewe sijawahi kukwambia.