Nderema Uliyonipikia kwa Kipimo cha Ndama

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Huku Itiryo mvua zimeanza na tuko wazima, ila nina ya kukueleza.

Wageni hawatuelewi, mama. Hukujaliwa mtoto, ukatoa ng'ombe zako mwenyewe ukanioa mimi, kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, ili nyumba yako ipate watoto. Nikakuita mama mkwe ingawa mwana wa kunioa hakuwepo.

Nilipomzaa Chacha ulikataa kabisa msaada wa jirani. Ulisikia kwamba mzazi hupewa mboga ya nderema aongeze damu na maziwa, na yetu ilikuwa imetambaa ua mzima, majani manene yanayoteleza. Ila kiasi chake hukukijua, maana hukuwahi kuzaa. Ulichokijua ni ng'ombe. Ndama akifunga choo ulimnywesha maji ya majani yale sufuria nzima. Basi na mimi ukanipikia hivyo hivyo, kwa maziwa na ugali wa ulezi, asubuhi, mchana na jioni. Mama wee, nilishinda chooni! Jirani alipokuja kutusalimia alicheka mpaka akakaa chini, eti umempa mzazi dozi ya ndama. Ulibaki umeshika mwiko, machozi yakikulengalenga. Nikakuomba uniongezee kidogo. Ilikuwa tamu kweli, na hakuna mtu aliyewahi kunihangaikia namna ile.

Tangu tukuzike, shemeji yako, ndugu wa marehemu mumeo, anasema boma hili halina mwenyewe na sisi tuondoke. Mwezi uliopita alikuja na panga akaufyeka ule ua, nderema yote ikalala chini, mbuzi wakaila. Nililia kama siku ya msiba wako. Nilikuwa na hasira na wewe pia, kwa kufa ukaniacha na watu hawa.

Juzi ukoo ulikaa kuamua kama tunabaki. Mimi niliambiwa ninyamaze. Shemeji yako akamgeukia Chacha, ambaye sasa ni kijana mwenye ndevu, akamtaka amtaje baba yake mbele ya wazee wote. Alitaka kumwaibisha, mama, maana alijua hakuna mwanamume wa kutajwa.

Chacha akasimama, akanyoosha mkono kwenye kaburi lako.

"Ng'ombe waliomleta mama hapa ni wa nani? Baba yangu amelala pale."

Wazee wakakubali kwamba boma lina mwenyewe.

Tumebaki, mama. Pumzika sasa.

Mkweo,
mama Chacha