Umekula na Nini?

Kakuma, Turkana
2013

Mama yangu,

Shikamoo. Umeamkaje huko Werugha, na baridi ya milimani bado inakutesa magoti? Mimi huku ni mzima, na safari hii nikisema mzima naomba uniamini, maana kichwa changu kimerudi mahali pake. Ningekuuliza hali yako, lakini dada Mghoi amenipigia simu akanieleza, kwa hiyo sitajifanya sijui. Shingo yako imekuwa nyeusi. Mikono inakubabuka. Mchana unakaa mbele ya kiti cha Baba ukicheka, na kitoweo bado hutaki kukigusa. Mama, nakuandikia kwa sababu hiyo tu: nataka ule. Mengine yote ni maelezo, maana nakujua, bila maelezo hunisikii.

Unakumbuka Baba alipofariki barabara ya Lodwar ilikuwa imekatwa na mafuriko, nikakosa mazishi. Ukaniambia kwa simu, "Sisi wanawake wa nyumba hii tunafunga kitoweo mpaka kaburi lijengewe. Na wewe funga huko huko, utakuwa umemzika pamoja nasi." Mghoi ulimsamehe kwa kuwa alikuwa ananyonyesha. Mimi nikafunga. Asubuhi chai ya rangi, jioni ugali na chumvi. Kaburi nalo, unawajua kina baba mdogo, likawa la kesho na keshokutwa. Sikulalamika. Nilikuwa na uchungu wangu, na hamu ya chakula sikuwa nayo.

Miezi ikapita. Kwanza usingizi ulinikimbia. Halafu nikawa mkali, mpaka wateja wakawa wananiletea nguo zao kwa uoga. Siku moja nilikaa mbele ya cherehani yangu, mimi niliyeshona tangu nikiwa msichana, nimeshika uzi na sijui unapitishwa wapi. Nikalia kama mtoto. Tumbo lilikuwa linaniendesha, nikalaumu maji ya huku.

Ndipo Baba akaanza kuja. Alikuja mchana, Mama, jua likiwa la utosi, wakati soko lote limelala na hata mbuzi hawalii. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, halafu ile sauti yake mlangoni: "Wenyewe mpo?" Nikajibu, "Tupo, Baba, karibu." Sikuogopa hata kidogo. Sasa nikikumbuka ndiyo nywele zinanisimama. Alikuwa anaingia anakaa kwenye gunia la vitambaa, na gunia lilikuwa linabonyea. Nililiona kwa macho yangu.

Hapo jirani yupo Achol, mama wa Sudan Kusini anayeuza sukari na sabuni. Siku moja aliingia kuomba sindano akanikuta nimesimama katikati ya chumba, futi ya kupimia nimeinyoosha hewani.

"Wewe napima nani?" akaniuliza.

"Baba. Namshonea shati."

Aliangalia pale, akaniangalia mimi. "Ya Wakio, hapa hakuna mutu."

Nikamfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Shati nililimaliza, likanyooka vizuri, mabega yake kabisa.

Nilipokupigia simu kukuambia kwamba Baba anakuja, ulisema, "Na kwangu pia ameanza. Zidisha kufunga, mwanangu, ni maombi." Nikazidisha. Mama, sikulaumu. Tungejuaje?

Aliyenishtua ni Mama Ekai, mwenye nyumba yangu. Asubuhi hiyo alinisalimu, "Ejok?" nikajibu, "Ejok," maana huku hata ukiwa unakufa unajibu ni vyema. Lakini hakupita kama kawaida. Yeye mwenyewe anavaa shanga tangu kifuani mpaka kidevuni, na alinyoosha kidole kwenye shingo yangu bila kunigusa. "Nani alikuvalisha hii?"

Nikachukua kioo. Nilikuwa na pete nyeusi kuzunguka shingo, imekatika sawasawa kama mkufu, ngozi imekauka na kupasuka. Mikono vilevile, kuanzia vidole mpaka mikono ya gauni ilipoanzia. Nilidhani ni jua. Mama Ekai akasema jua halichagui hivyo. Yeye na Achol, ambaye nilikuwa nimemtukana, wakanipandisha kwenye pikapu tukaenda Lodwar.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akauliza, "Unakula?"

"Nakula."

Mama Ekai naye akaapa, "Huyu anakula ugali kila siku, mimi naona."

Akaandika. Halafu akaiangalia shingo yangu tena, akaweka kalamu chini. "Ugali na nini?"

Mama, tangu nianze kuumwa hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. "Na chumvi," nikasema.

Akanieleza polepole. Ubongo, alisema, haujali kwamba umeshiba. Chembe zake zinaongea kwa kupelekeana kemikali, na kemikali hizo mwili unazitengeneza kutokana na chakula. Kuna vitamini ambayo ikikosekana ngozi inababuka juani, tumbo linaharibika, na mwisho akili inachafuka: huzuni, hasira, kusahau, kusikia watu. Mahindi matupu hayakupi ya kutosha. Ipo kwenye samaki, nyama, karanga, na maharagwe na maziwa yanasaidia. Ugonjwa wenyewe unaitwa pelagra, na ukiachwa unaua.

Sikumwamini. Nilimwambia Baba yuko nje, ananingoja kivulini. Hakunicheka. Akasema, "Basi mwache angoje kidogo, wewe meza hivi vidonge kwanza."

Nililala Nawoitorong, hapo hapo Lodwar, kwa dada yake Mama Ekai, nikimeza vidonge na kulishwa samaki wakavu wa Lowarengak, kule ziwani, wananuka jamani, lakini nilikula. Baba alikuja, akaishia mlangoni. Siku iliyofuata aliita akiwa mbali, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Halafu nikasikia upepo tu kwenye mabati. Mama Ekai alifurahi, Achol akaimba. Mimi nililia kuliko siku niliyopata habari za msiba, kwa sababu safari hii nilimfukuza mwenyewe, kwa samaki.

Sasa sikiliza. Mghoi ameniambia alikuletea maharagwe, ukasukuma sahani, ukasema, "Nikila ataondoka." Mama, ulijuaje? Huko nyumbani sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba kwangu aliondoka nilipokula. Niliposikia hivyo nilikaa chini kwenye mchanga, jua hilo hilo.

Siwezi kukudanganya. Ndiyo, ukila ataondoka, na utaumia. Ila nimemfikiria sana huyo anayekuja, na kuna jambo limenikaa moyoni. Baba yetu hakuwahi kuingia ndani bila kuuliza kama tumekula. Huyu, siku zote alizokaa kwangu nikiisha mbele yake, hajaniuliza hata mara moja. Je, wewe amekuuliza?

Nisalimie baba mdogo, fundi wa mawe asiyemaliza kaburi, mwambie nikija tutaonana. Shangazi wa kanisani apunguze kukuombea akuletee karanga. Mume wa Mghoi asikubali ukatae, akupeleke hospitali Voi kesho, daktari aione hiyo shingo na aambiwe ni ugali na chumvi. Mtoto nibusie.

Achol na Mama Ekai wanakusalimu bila kukujua. Mimi nakupenda, Mama, na nakuhitaji kuliko yeye anavyokuhitaji.

Mghoi, najua ndiwe unayesoma kwa sauti. Ishia hapa. Weka barua chini, pakua maharagwe, na usiondoke mpaka ameze.

Binti yenu,
Wakio