Saa Ishirini za Ralitsa

Mtaa wa Bogomil 41, ghorofa ya tatu,
Plovdiv, Bulgaria.
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Fana,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Adelaide, na kwamba goti lako limeacha kukutabiria mvua. Kifua changu kimetulia tangu Aprili, na macho bado yanasoma, mradi herufi ziwe kubwa. Mwanangu Nevena hajambo. Cheri zimeiva mwaka huu kuliko miaka yote. Tunazila mpaka vidole vinakuwa vyeusi.

Ukiona barua imekuwa ndefu, usiulaumu uzee. Mjukuu wangu Ralitsa, binti wa Nevena, amepanda treni asubuhi hii kwenda Sofia kwenye usaili wa urubani katika shirika la ndege za abiria. Jibu hutolewa siku hiyo hiyo. Nikikaa bure nitapasuka, kwa hiyo nakuandikia.

Nilikwisha kukueleza kwamba alipata leseni, kisha kazi ikakosekana, akaishia kupokea simu za watu walioharibikiwa na mashine za kufulia. Miezi kumi na minne hakugusa usukani. Mapema mwezi Mei ikaja barua: aje asailiwe, ila daftari lake la safari lionyeshe angalau saa ishirini za kuruka ndani ya siku tisini zilizopita. Hakuwa na hata moja. Urubani, Fana, ni kama lugha: ukikaa nao bila kuutumia, haukuachi, lakini unashika kutu. Wewe na mimi tunalijua hilo.

Nikatoa akiba yangu ya kaburi ili kulipia saa hizo. Nevena alininunia siku mbili. Nikamwambia sijasikia kaburi lililolalamika kwamba mtu wake amechelewa.

Basi tukawa tunaamka alfajiri, kwa kuwa mwezi wa Mei huku radi huanza mchana, na saa za kuruka zinapatikana asubuhi tu. Uwanja wenyewe ni wa klabu, nje ya mji, majani yamekatwa vizuri na paka analala juu ya mizani ya mizigo. Mwalimu ni Tibor, Mhungaria mkavu aliyekuja mwaka jana. Mimi nilikaa kwenye benchi na chupa ya kahawa, nikihesabu mara anazotua kama mchungaji anayehesabu kondoo.

Siku ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Wewe umekaa sana Australia, huenda umesahau: sisi huku kichwa kikienda kushoto na kulia ni ndiyo, kikishuka na kupanda ni hapana. Walipokuwa juu, Tibor akaachia usukani wake, akamuuliza kama ameishika ndege. Ralitsa akatikisa kichwa kwa mtindo wa kwetu, yaani ndiyo. Tibor akaelewa kwa mtindo wa kwao, yaani hapana, akaushika tena. Wakavutana, huyu huku na yule kule, na mimi nikiwa chini nikaiona ndege ikiyumba kama mlevi anayetoka harusini.

Waliposhuka Ralitsa alikuwa mwekundu kwa hasira, akisema yeye alijibu. Tibor alikunja miwani yake taratibu.

"Angani kichwa ni cha kufikiria, binti. Jibu hutoka mdomoni. Atakayekusaili Sofia ni mgeni kama mimi, na hatakupa mara ya pili."

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna sheria: anayejibu kwa kichwa anaosha vyombo. Unadhani ni rahisi? Nevena alinaswa usiku ule ule, alipoulizwa kama anataka mtindi. Mimi nilinaswa siku tatu mfululizo. Ralitsa alinipangusa povu kwenye kiwiko na kuniambia, "Babu, kwa mikono hii safi ungekuwa daktari." Lakini yeye alianza kujibu sawasawa. Hata usingizini, Nevena anaapa, alisikika akisema ndiyo.

Kufikia tarehe tano Juni alikuwa na saa kumi na tano. Mvua ikafunga siku mbili, sote tukawa tunatazama dirishani. Jumapili anga likafunguka. Saa tano zilibaki, na safari moja ndefu ingezimaliza. Ralitsa akafungua ramani juu ya meza, akaweka kidole kwetu, akakiburuta kuelekea kusini-magharibi hadi Kostur, pale Wagiriki wanapopaita Kastoria. Akaniambia kuna kiti kitupu.

Fana, nimekwenda. Mimi, niliyetoka kule wakati wa vita nikiwa na miaka saba, nimekushika mkono wewe, mtoto wa jirani, wa miaka mitano. Milima tuliyoivuka kwa siku tatu, ndege iliimaliza kabla pipi haijayeyuka mdomoni mwangu. Ziwa liko palepale. Tulipolivuka, akashusha ndege kidogo, akaizungusha kwa ubavu juu ya bonde.

Nikaona kanisa lisilo na paa, mti umeotea ndani yake. Nikaona dohani la nyumba yenu, peke yake, limesimama bila nyumba. Njia ya mawe bado inaonekana, ile ambayo sisi watoto tulipangwa juu yake wawili wawili na kuhesabiwa siku ya kuondoka.

"Babu, ndicho kijiji chenu?" akaniuliza kwenye spika za masikioni.

Nikapeleka kichwa kushoto na kulia. Yeye macho yalikuwa mbele, kama inavyopasa.

"Sikusikii, babu. Sema kwa mdomo."

"Ndiyo," nikasema. "Ndicho. Orehovets."

Naye akajibu kama anavyoujibu mnara wa kuongozea ndege, neno kwa neno: "Ndiyo, ndicho, Orehovets. Nimepokea."

Tulitua Kostur, tukanywa kahawa, tukarudi kabla ya radi. Jioni aliandika safari ile katika daftari. Saa ishirini na dakika kumi. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika jina la kijiji chetu, ambalo ramani zimeliacha tangu hatujajua kusoma.

Leo asubuhi nilimwaga maji mlangoni ili mambo yake yatiririke. Nilimwaga kwa haraka, nikamlowesha viatu. Akaondoka akicheka, viatu vikilia chwa-chwa kwenye ngazi.

Subiri. Nasikia ufunguo.

Amerudi, Fana. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Nikamuuliza, "Umepita?" Akaniangalia, machozi yakamjaa, akatikisa kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia. Mgeni angelia naye. Mimi nilimwonyesha jikoni, kwenye sahani zote za tangu jana.

Anasema walilipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, na msaili mmoja akauliza Orehovets ni wapi, mbona haipo kwenye ramani yake. Akamweleza, yote, kwa mdomo.

Nisalimie mwanao Kole na mkewe, na mjukuu wako Lenka, mwambie azungumze nawe lugha yetu hata kama anakosea. Nevena na Ralitsa wanakukumbatia. Mungu akulinde, na akuweke hadi siku utakapopanda ndege na kuisikia sauti ya Ralitsa ikiwakaribisha abiria.

Ni mimi, ndugu yako nikupendaye tangu njia ile ya mawe, ninayeandika huku vyombo vikigongana jikoni,

Sotir