Kompyuta Kubwa na Nusu ya Shamba

Jumanne. Busia imelowa tangu alfajiri, na roho yangu imelowa zaidi.

Nimefungiwa akaunti ya kompyuta kubwa ya chuo kikuu, ninayoitumia kwa mtandao. Ile niliyoibembeleza muhula mzima, mimi ambaye sijawahi kukaa darasani pale hata siku moja. Mhadhiri mmoja, mama mpole, aliona picha zangu za majani ya muhogo akakubali kunidhamini kwa jina lake. Kompyuta yangu ya nyumbani ikianza kuzichambua picha hizo hupata joto la kuchemshia chai, kisha huzimika.

Kosa langu ni la watu wa mpakani. Mvua ikinyesha, mtandao wa Uganda hulegea, nasi hubadili laini tukatumia wa Kenya. Ukitengemaa, tunarudi. Hapa hakuna anayeita hiyo safari.

Mashine ya chuo imeiita safari. Imeona mtu yuko Uganda, mara Kenya, mara Uganda tena, ikaamua kwamba mimi ni mwizi wa akaunti yangu mwenyewe. Kazi yangu ya kuchambua picha, iliyokuwa kwenye foleni ya mashine, imefutwa.

Nikapigia simu ofisi yao.

"Bwana, asubuhi ulikuwa nchi gani?" jamaa akauliza.

"Nilikuwa kitandani."

Hakucheka. Alisema mdhamini wangu awaandikie.

Sikumwambia mhadhiri. Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikaenda kununua chapati.

Kinachonikosesha raha hasa si chuo. Ni shangazi yangu wa Nabuyoga. Msimu uliopita muhogo wake ulikuwa na majani mazuri kabisa kwa macho. Alipochimba akakuta umeoza ndani. Ugonjwa wa michirizi kahawia. Safari hii nikamwambia, kwa sauti ya daktari, asipande kijiti cha muhogo hata kimoja mpaka kompyuta isome picha nilizopiga za majani ya mimea alikokata vijiti hivyo.

Akaningoja. Majirani wote wamekwisha panda.

Jioni kapiga simu. "Mimi nangoja wewe, wewe nangoja kompyuta. Kompyuta nangoja nani?"

"Inaningoja mimi, shangazi."

"Aa! Basi nyinyi wote mmelala."

Kisha akasema vijiti vinakauka, kwa hiyo leo amepanda nusu ya shamba. Nusu nyingine ameniachia mimi.

Afadhali angepanda yote akanitukana. Matusi yake nimeyazoea. Imani yake ndiyo sijui niiweke wapi.

Nimemtumia mhadhiri ujumbe sasa hivi, bila kuupamba. Labda atanitetea, labda amechoka nami. Lakini tuseme nafunguliwa, kazi inapita foleni, na jibu linatoka kwamba vijiti vile ni vigonjwa. Ile nusu aliyokwisha panda, nitamwambia kwa mdomo gani aing'oe?