Kitabu cha Waliochukua Kibali

Nzuguni, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya kila siku na hii ya pili ni ya barua. Goti linaendeleaje? Lusajo aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kupanda mlima na jembe begani. Nikamwambia mdogo wangu huyo alifiche jembe, akacheka tu, kwa hiyo najua hajalificha. Mvua za huko siulizi, najua zipo. Huku kwetu ni vumbi na upepo, na baridi ya Juni ni kavu, inapasua midomo mpaka mtu unaogopa kucheka. Lakini mimi ni mzima, sufuria zinatoka jikoni zimejaa na kurudi tupu, na nina habari.

Sasa Mama, keti. Kama umesimama mlangoni unatafuta mwanga wa kusomea, vuta kigoda. Nimempata Baba. Hayuko hai. Alifariki mwaka uleule barua zake zilipokoma, amezikwa hapahapa Dodoma, na nimesimama mbele ya kaburi lake kwa miguu yangu. Sikutaka kukuambia kwenye simu, kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na neno la simu wangesema nimelitunga. Humu kwenye bahasha kuna karatasi zenye mihuri. Ila kwanza soma jinsi nilivyozipata, ili atakayebisha umjibu hatua kwa hatua.

Nilikuwa darasa la pili alipoondoka kuja kujenga huku. Zikaja barua tatu kwa mkono wa madereva wa malori, kisha kimya. Nakumbuka Baba Mkubwa alivyokataa kuweka matanga, akasema halilii mtu aliyehama, mdogo wake yuko Dodoma kwa mwanamke mwingine anakula zabibu. Watu wakacheka, na neno likashika. Tangu siku hiyo ukienda msibani hujui ukae na wajane au na wake za watu, na popote unapokaa yupo wa kuguna. Nilikuwa mdogo, Mama, sikuwa kipofu. Ndiyo maana nilipohamishia biashara yangu huku niliapa sitaondoka mji huu kabla sijajua kama uliachwa au ulifiwa.

Kama ujuavyo, napika karibu na ofisi za serikali kule Mtumba. Ugali, maharage, mlenda wa Kigogo ambao sasa naupika kuliko Wagogo wenyewe, na Ijumaa ndizi za kwetu zikipatikana. Kazi hii ina faida ambayo watu hawaijui: huwezi kumwogopa afisa uliyemwona akilamba vidole. Hata hivyo mara ya kwanza nilipokwenda kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za makaburi ya umma (siitaji, maana baadaye walinitendea wema), nilikwenda kinyonge. Nikainama dirishani nikasema, samahani, naomba msaada. Karani akanihurumia sana, akasema mhusika ametoka, nirudi Jumatano. Nilirudi Jumatano tatu. Huruma ilikuwepo kila mara, mhusika hakuwepo.

Yupo mteja wangu mmoja, Eliza, mwanasheria, dada mkali anayekula haraka. Nilimsimulia huku nikimpakulia.

"Uliomba nini?" akaniuliza.

"Msaada."

"Ndiyo maana wamekupa pole. Msaada mtu anatoa akipenda. Wewe omba taarifa. Ipo sheria ya haki ya kupata taarifa, na wewe ni raia. Andika barua, peleka nakala mbili, na nakala yako wagonge mhuri wa kupokea. Kuanzia hapo wana siku thelathini."

"Na wasiponijibu?"

"Watakujibu. Mtu akishagonga mhuri wake mwenyewe halali vizuri. Niongezee mlenda."

Nikaandika. Nikarudi dirishani nimesimama wima, sikusema samahani, nikagongewa mhuri. Wiki ya pili haijaisha wakaniita masijala, kile chumba wanachowekea majalada, nikakutana na Bi Mwanahawa. Huyu ni mama wa mjini hasa, baibui jeusi, miwani inaning'inia shingoni. Anasema babu wa babu yake aliingia hapa na misafara ya biashara na hajaona sababu ya kuondoka. Akanitolea vitabu vinne vikubwa vya mazishi vya miaka ile, akarudi kwenye kazi zake. Nilipitia herufi A yote kutafuta Asajile. Hakuna. Nikapitia herufi ya ukoo wetu, hakuna. Nikaanza upya.

"Unatafuta nini huko kwenye A, binti?"

"Baba yangu."

"Nani alimzika?"

"Sijui, Bi Mwanahawa. Ningejua nisingekuja."

"Basi utazeeka hapo. Vitabu hivi vya zamani havikupangwa kwa jina la marehemu. Vimepangwa kwa jina la aliyechukua kibali cha mazishi. Marehemu haulizwi kitu, anayeulizwa ni aliyezika. Hebu fikiri, baba yako alikuwa na nani hapa mjini?"

Nikasema hakuwa na mtu. Kisha nikakumbuka ile barua ya pili uliyokuwa ukitusomea mpaka ikachanika mikunjo. Alisema bosi wake ni Mhindi anayeuza saruji na mabati, na chai ya dukani kwake ina tangawizi mpaka machozi yanatoka. Nikafunga vitabu nikaenda mjini.

Duka la kwanza na la pili walinitazama tu. Kwenye la tatu anakaa Bwana Kirit, mtu mzima mwenye mvi, ameachiwa duka na marehemu baba yake, Mzee Jayanti. Nilipotamka kwamba natoka Tukuyu akaweka kalamu chini.

"Ugonile!" akasema.

Mama, salamu yetu ya Kinyakyusa, katikati ya mifuko ya saruji!

"Neno la kwenu ninalolijua ni hilo moja tu," akaniambia. "Baba yangu alilipata kwa fundi wake, akawa anatuamshia nalo asubuhi ili kutuudhi. Fundi hodari, mtaratibu. Akaanza kukohoa, akakonda. Baba akampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wasio na ndugu. Alipofariki, Baba ndiye aliyechukua kibali. Alisema mtu wa msalaba azikwe na wenzake wa msalaba, akaenda mwenyewe mpaka kaburini."

Jina kamili hakulikumbuka, kwao alikuwa Fundi tu. Nikarudi masijala mbio. Bi Mwanahawa akafungua herufi J, akapitisha kidole, akakisimamisha. Jayanti, kwa ajili ya fundi wake, Mkristo. Safu na namba ya kaburi vimeandikwa. Jina la marehemu, patupu. Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja. Nilimwona Baba Mkubwa akiikunja karatasi ile na kusema mafundi Dodoma ni wengi. Nilihitaji mahali palipoandikwa jina.

Kwa hiyo nikaenda kwenye hiyo nyumba ya wagonjwa. Ipo mpaka leo, inaendeshwa na shirika. Mkurugenzi wake ana sauti laini ya kumlaza mtoto. Aliisoma barua yangu akanirudishia.

"Dada yangu, sisi si serikali. Mambo ya kuomba taarifa peleka huko serikalini."

Eliza alikuwa ameshaniambia kwamba sheria inalifikia hata shirika likiwa linatumia fedha za umma. Lakini sikumtajia vifungu, nisingeviweza. Nilimwomba tutoke mpaka getini, akanifuata akidhani naondoka. Pale getini pana kibao kikubwa cha buluu chenye jina la nyumba, na chini yake: Kwa ruzuku ya Serikali.

"Mkurugenzi, hiki kibao kimeandikwa na nani?"

Akakisoma kama mtu anayekiona leo. Kisha akacheka, akasema wewe mama una maneno, tukarudi ndani akagonga mhuri. Sikumsumbua tena. Siku ya ishirini na nane wakanipigia, nije na uthibitisho kwamba mimi ni mtoto wake, kwa sababu faili la mgonjwa halipewi mpita njia. Hapo hawakukosea. Nikawapelekea cheti cha kuzaliwa, kile ulichonikimbilia nacho stendi kwenye mvua siku naondoka, nikakunung'unikia kwamba wapishi hawaulizwi vyeti. Naomba radhi, Mama.

Faili ni jembamba. Karatasi ya kwanza ni ya kumpokea mgonjwa, anaulizwa na muuguzi anaandika. Nakunakilia kama ilivyo, ingawa nakala yake unayo humu. Jina, Asajile, na la ukoo wetu limeandikwa bila kosa. Kazi, fundi mwashi. Anatoka, Tukuyu. Ameoa, ndiyo. Idadi ya wake, mmoja. Jina la mke, Atupele. Watoto, Tumpe na Lusajo. Chini, kwa mwandiko uleule: Mgonjwa anaomba mkewe apewe habari. Hana anwani ya posta. Karatasi inayofuata ni ya kifo, wiki tatu baadaye, na hapo ametajwa Mzee Jayanti kuwa ndiye aliyeuchukua mwili.

Nililia palepale ofisini, kwa sauti, mpaka mkurugenzi akatoka akaniachia chumba. Alikuwa anakutaja, Mama. Kifua kimekwisha, pumzi ya kuhesabu, anaulizwa una wake wangapi, anasema mmoja na jina lake ni hili. Nimekasirika kwa miaka yote uliyoinamisha kichwa, na nimefurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Sijui hivyo viwili vinakaaje pamoja lakini vimekaa.

Kaburini nilikwenda na Bi Mwanahawa, alisema haachi mtu aende peke yake mara ya kwanza. Ni tuta dogo lenye jiwe la namba. Tuling'oa magugu, nikaimba ule wimbo wa kanisani aliokuwa akiupenda Baba, Bi Mwanahawa akasimama pembeni ameinua mikono kwa dua yake.

Sasa, karatasi ziko tatu. Nakala ya ukurasa wa kitabu, nakala ya faili, na barua ya ofisi ya Bi Mwanahawa inayothibitisha kwamba fundi wa kitabuni ndiye Asajile wa kwenye faili. Soma mwenyewe kwanza, ulie unavyotaka. Kisha mwite Baba Mkubwa, mpe chai, na Mchungaji asome kwa sauti mbele yake na mbele ya ukoo. Usigombane naye. Nadhani alimtukana mdogo wake kwa sababu alichoka kumsubiri. Lakini matanga yawekwe, na yawekwe nyumbani kwako. Vaa nguo nyeusi, na msibani keti kwenye mkeka wa wajane bila kumwangalia mtu usoni. Mimi nitafika kabla ya siku yenyewe, Eliza atanisimamia jiko ingawa namwonea huruma atakayekula.

Nisalimie Baba Mkubwa, shikamoo yake iko palepale. Shangazi Neema mwambie dawa ya macho nitakuja nayo. Lusajo, mdogo wangu, mwambie jina lake limo. Mchungaji na mama mchungaji pia, na jirani yetu Mwalimu aliyenifundisha kuandika barua isiyozunguka, ingawa hii ataisahihisha.

Jambo la mwisho. Siku ile tulipotoka kaburini Bi Mwanahawa alifungua tena kitabu kujaza jina la Baba pale palipokuwa patupu, kisha akaniambia kaburi linahitaji mtu aliye hai wa kuandikwa, maana Mzee Jayanti naye ameshatangulia. Alinitazama, kalamu mkononi, akingoja nitaje jina langu. Sikulitaja. Kwa hiyo goti likipona nikakuleta, ukifika pale dirishani usiwaulize habari za Asajile, hawatamwona. Waambie unaitwa Atupele, mke wake. Watafungua kwenye jina lako, na yuko hapo.

Mwanao wa kwanza,
Tumpe