Gobore la Baba

Komarock, Jumatano

Kwako mdogo wangu Nalianya,

Sisi ni wazima, ila goti langu linasumbua kidogo.

Jumapili nilifanya upumbavu. Baada ya ibada, sisi wastaafu wa reli tulikaa nje tukikumbushana bunduki zetu za kwanza. Nikataja gobore la baba, lile tulilowindia kanga, na mdomo ukaniponyoka: nikasema ninalo mpaka leo darini, na sina kibali.

Habari ikafika kituo cha polisi. Jana askari wawili wakapanda darini. Walishuka na vumbi tupu. Shemeji yako Nabalayo akawapa chai, na mmoja akavuta pazia apate mwanga wa kuandika kwamba hawakuona kitu.

Walipoondoka nikamuuliza gobore liko wapi. Akasema mwaka ule tulipohamia hapa alilipeleka kwa fundi wa vyuma Gikomba akakatiwa mtutu, na kile kitako cha mbao akakipikia maharagwe.

"Baba Carolyne," akaniambia, "kwani hilo pazia ulidhani limetundikwa kwenye nini?"

Miaka kumi na minane nimelala nikiogopa dari. Leo nimefunga pazia, nikalala mchana kutwa.

Wasalimie wa nyumbani.

Kaka yako,
Luseno