Makaa ya Shimo la Kianda

Ploti ya Kanini,
Kongo, Kawangware,
Nairobi.
14 Septemba 2008

Mpendwa kaka Timothy,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Habari za Gaborone na za kazi ya hospitali? Yvonne anaendeleaje, na Geoffrey wenu ameshazoea shule? Mwambie shangazi yake anamuwaza. Na lile goti, limepona au bado unazunguka wodini ukilivumilia? Sisi ni wazima, kaka. Shemeji yako Muli anakula, analala, na juzi nimemsikia akipiga mluzi. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza mpaka mwisho.

Najua umeshangaa kwa nini nimekuwa kimya. Kwenye simu nilikwambia tu kwamba tumehama Kibera kwa sababu ya fujo. Mengine hayakuwa ya kusemwa kwa simu. Leo nakueleza yote, kwa kuwa yamefika mahali ambapo hata mimi niliyekuwepo bado nayafikiria nikiosha vyombo.

Karakana ya Muli kule Kianda, Kibera, unaikumbuka, pale alipokuwa akitengeneza vitanda na milango. Mwezi wa Januari choo cha ploti kilibomolewa kwenye ghasia. Mambo yalipotulia kidogo, Muli akaanza kuchimba shimo jipya nyuma ya karakana. Alipofika kina cha kifua, jembe likatoa makaa meusi, mengi, na ndani yake mifupa iliyoungua. Mifupa ya mtu.

Sasa, kulikuwa na jirani yetu mmoja, fundi wa mawe kwa jina Ouma. Uchaguzi ulipoharibika alitoka kwenda kutafuta unga na hakurudi. Mama yake alikuwa amemtafuta kila hospitali na kila kituo cha polisi. Na kabla ya uchaguzi, Ouma na Muli walikuwa wamegombana vibaya kwa ajili ya siasa, mbele ya ploti nzima. Unaona vile mambo yalivyojipanga.

Watu walijaa kabla hata Muli hajatoka shimoni. Mmoja akapiga kelele, "Ni huyu! Amemchoma Ouma kwa mbao zake!" Wengine wakaokota mawe. Muli alikuwa akiwaonyesha udongo wa juu, jinsi ulivyokuwa mgumu, haujawahi kuguswa, lakini nani angemsikiliza? Siku zile jina la mtu, kwa kuwa lilitaja kabila lake, lilitosha kumhukumu.

Mama Ouma alifika, akapiga magoti ukingoni, akaanza kuyakusanya yale makaa kwenye leso yake.

"Mama, naapa kwa Mungu, sijamgusa mtoto wako," Muli akamwambia.

Alimtazama bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Akamuuliza, "Basi huyu ni nani? Niambie, Muli. Huyu ni nani?"

Pasta Wepukhulu wa kanisa letu ndiye aliyemwokoa. Aliruka ndani ya shimo, akasimama mbele ya mume wangu, akawaambia watakaorusha waanze na yeye. Polisi wakaja, wakamchukua Muli pamoja na mifupa. Jioni hiyo hiyo karakana ikateketea.

Daktari aliyeichunguza mifupa aliona meno yamelika kama ya mtu aliyetafuna mchanga maisha yake yote. Akamwita Dkt. Khamala, mama mmoja mtafiti wa mambo ya kale. Huyo alikuja Kianda na brashi na chekecheke, akapata ushanga wa mawe katikati ya makaa. Alisema mifupa inaonekana ya zamani sana, na Muli akaachiliwa. Lakini mtaani walisema tu, "Wamehongwa hao." Ndipo tukahamia huku Kongo, Kawangware. Muli alikuwa anakaa kitandani akitazama mikono yake. Kazi hakutafuta. Chakula nilimbembeleza kama mtoto.

Dkt. Khamala hakutaka tumwamini kwa maneno. Alituma ng'ambo kipande cha makaa na jino moja ambalo moto haukulifikia, vipimwe umri. Majibu yalirudi mwezi uliopita, na pasta akawaita watu wote kanisani Kianda. Muli alikataa kwenda. Nilimwambia, "Basi nitakwenda peke yangu nikasikilize kwa niaba yako." Akavaa viatu.

Kaka, wewe umesoma, pengine hili ulilijua. Mimi sikulijua. Dkt. Khamala alisema hewani kuna kaboni ya aina mbili tatu, na mojawapo haidumu, hujivunja yenyewe kidogo kidogo. Hutengenezwa juu angani na mionzi inayotoka mbali kuliko jua. Miti huivuta na hewa, wanyama wanakula majani, sisi tunakula vyote. Kwa hiyo iko kwenye sukuma wiki, iko kwenye ugali, iko kwenye mifupa yangu na yako. Ukiwa hai, ile inayovunjika inajazwa na chakula. Siku unayokufa, kujazwa kunakoma. Iliyobaki inaendelea kupungua kwa mwendo wake, na baada ya miaka karibu elfu sita inakuwa imebaki nusu.

Mtu wa nyuma akauliza, "Na hii ya Muli si ilichomwa? Moto si umeharibu hesabu?"

"Moto unaharibu mti," Dkt. Khamala akajibu. "Huo mwendo hauugusi. Mvua haiugusi, joto haliugusi."

Nilifikiria mioto yote tuliyoiona Januari, kaka. Kumbe kuna kitu ambacho haingeweza kukifikia.

Halafu akatoa majibu. Katika makaa yale yalibaki mafungu kama saba kati ya kumi ya kaboni hiyo, na jino lilisema hivyo hivyo. Yule mtu alichomwa na watu wake, kwa heshima, akiwa na ushanga wake shingoni, miaka karibu elfu tatu iliyopita. Kabla ya Nairobi. Kabla ya Yesu kuzaliwa. Kabla ya lolote tulilokuwa tukiuana kwa ajili yake.

Kisha wale waliookota mawe wakaanza kuja mmoja mmoja kumshika Muli mkono. Yeye alilia tu. Wiki hii wanamjengea karakana upya, na asubuhi anatoka mapema kwenda huko.

Lakini niliyekuwa nikimtazama mimi ni Mama Ouma. Miezi yote alikuwa na mahali pa kulilia, na sasa hata hapo pameondolewa. Alisimama taratibu, akamshika Muli bega, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Kisha akamgeukia Dkt. Khamala.

"Hiyo kaboni, na Ouma wangu anayo?"

"Anayo, mama. Kila mtu."

"Na kama yuko hai mahali, inajazwa?"

"Kila anapokula."

Mama Ouma akaitikia kwa kichwa polepole, akajifunga leso vizuri. "Basi hata hiyo sayansi yenu haijaanza kumhesabu na wafu," akasema. "Na mimi sianzi."

Akatoka nje, kwenye jua, akaenda kuulizia tena kituo cha polisi.

Msalimie Yvonne, mwambie leso alizoagiza nimezipata. Geoffrey mbusu kwenye paji la uso. Pasta Wepukhulu anakusalimu, na Kanini mwenye ploti pia, ingawa hajawahi kukuona. Muli anasema ukija atakutengenezea kiti cha kupumzishia goti. Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, anayekupenda kuliko anavyoweza kuandika,

Kalondu